Milango Miwili ya Waziri Badawi

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walisikiliza mashtaka wenyewe na paka wakaingia barazani bila kupiga hodi, palikuwa na mji ukiitwa Shungi, na katika mji huo aliishi mkuna nazi mmoja, jina lake Faki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na kapu begani na mbuzi ya kukunia kwapani, na penye harusi au hitima ndipo palipokuwa na chakula chake. Watu wa Shungi walimwita zuzu, kwa sababu alijibu kila swali kama lilivyoulizwa. Ukimwuliza, "Faki, unakwenda wapi?" alijibu, "Mbele." Ukimwuliza, "Umeamkaje?" alijibu, "Nilifumbua macho kwanza." Watu wakacheka wakapita zao, naye akaendelea kukuna nazi, na moyoni hakuona kosa lake liko wapi.

Faki alikuwa amefiwa na mkewe, na katika dunia nzima alikuwa na binti mmoja tu, Mize, wa miaka kumi na sita. Ikawa Mize akapata mimba, na kijana mwenyewe aliposikia habari alitoka kwenda kununua tumbaku, na hadi leo bado ananunua. Basi akazaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Kombo, naye alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima na mtaa wa pili. Mwalimu wa chuo akamwambia Mize asirudi tena darasani. Majirani wakaja kumshauri Faki amfukuze binti yake, na Faki akawauliza kama wanataka kumsaidia kukuna nazi, maana walikuwa wamekaa muda mrefu na mikono mitupu. Wakaondoka wamenuna.

Lakini humo ndani hamkuwa na la kuchekesha. Mize alikula mihogo mchana, na jioni akanywa maji yaliyochemshiwa mihogo ile, na maziwa yake yakaanza kupungua. Kombo alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Faki aliyaona mashavu ya binti yake yakibonyea siku hadi siku, akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hata siku ile alipoachwa mjane.

Sasa Sultani wa Shungi, Sultani Hemedi, alikuwa mtu mwema mwenye tumbo kubwa, naye alipenda mambo mawili, kula halua na kupiga mbiu. Kila wazo jema lililomjia baada ya kula, pembe ilipulizwa na mji ukatangaziwa. Aliwahi kutangaza kwamba mtoto yeyote asiye na mama wala baba ni mtoto wa Sultani, na atalelewa jumbani. Akatangaza tena kwamba kila mama maskini mwenye mtoto mchanga apewe mchele, samli na doti ya kanga kila mwezi unapoandama. Akatangaza pia kwamba kila mtoto maskini apewe uji asubuhi na nafasi chuoni. Kisha akajifuta mdomo, akayaacha yote mikononi mwa Waziri Badawi.

Waziri Badawi alipenda mambo yakae kila moja mahali pake. Alitoboa milango miwili katika ukuta wa ghala, mmoja wa kina mama, mwingine wa watoto. Na kwa kuwa hakumwamini mtu, alihudumu milangoni mwote mwenyewe, kilemba cheupe akivaa kwa kina mama, cha kijani kwa watoto.

Mize akaenda na Kombo mgongoni, na Faki nyuma yake na kapu. Wakafika mlango wa kina mama, Waziri akatoa kichwa chenye kilemba cheupe.

"Umri wako?"

"Kumi na sita, bwana."

"Mtoto hawezi kuwa mama. Mama ni miaka ishirini. Nenda mlango wa watoto."

Wakaenda mlango wa pili. Ndani wakasikia mbio za viatu na kitambaa kikizungushwa, kisha Waziri akachomoza na kilemba cha kijani, anahema.

"Una nini mgongoni?"

"Mwanangu, bwana."

"Mwenye mtoto si mtoto. Nenda mlango wa kina mama."

Basi wakaenda, wakarudi, wakaenda tena. Mara ya saba Waziri alichomoza na vilemba vyote viwili, kimoja juu ya kingine, akawaambia waondoke kabla hajaita askari. Mize akakaa chini pale vumbini akalia, na Kombo akalia kumsindikiza, na Faki akasimama katikati ya milango ile akiutazama ukuta.

"Bwana Waziri," akauliza, "huyu wangu apite wapi?"

"Kashtaki kwa Sultani!" akafoka Waziri, akafunga mlango.

Faki akafanya kama alivyoambiwa. Alasiri ile ile akaingia barazani, akapiga magoti, akaeleza. Sultani alisikiliza huku anatafuna halua, na Waziri akainama kwa adabu.

"Maulana, mtoto ni mtoto na mama ni mama," akanena Waziri. "Tukianza kuchanganya, kesho tutaombwa samli ya kuku."

"Kweli hiyo," akasema Sultani, aliyekuwa ananata vidole na hakutaka kesi ndefu. "Basi hukumu yangu ni hii. Binti si mama mpaka atimize miaka ishirini. Na huyo mchanga angoje. Miaka minne si mingi."

"Maulana, nani atamwambia angoje?"

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia tangu juzi. Hasikii."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani naye akacheka hata tumbo likatikisa sinia. "Basi mlete kesho, nimwambie mimi!"

"Nimesikia, Maulana, na nitatii," akasema Faki, na usoni mwake hapakuwa na kicheko hata kidogo.

Kulipopambazuka akamweleza binti yake alilokusudia. Mize akamkumbatia Kombo kwa nguvu hata mtoto akalalamika. "Baba, na wakimchukua kweli?"

Faki akalivuta kapu lake karibu. "Wakimchukua kweli," akasema, "nitalala mlangoni pao mpaka wamchoke. Nawe unamjua Kombo. Hawatakawia." Lakini alipokuwa anatandika kanga ndani ya kapu, aliugeuza uso ukutani binti asimwone.

Basi wakaenda. Mize akabaki nje nyuma ya nguzo, na Faki akaingia, akaliweka kapu mbele ya kiti cha enzi. Kombo alikuwa amelala ndani yake.

"Maulana, nimemleta umwambie."

Sultani akakumbuka mzaha wake, akafurahi. Akainama juu ya kapu. "Ewe Kombo! Ngoja miaka minne!"

Kombo akafumbua macho, akaona ndevu, akapiga ukelele uliowaamsha njiwa wote wa paa la jumba. Faki akainama, akageuka, akashika njia ya mlango.

"We Faki! Umesahau mtoto!"

"Mtoto wa nani, Maulana?"

"Wa binti yako!"

"Binti yangu si mama, Maulana. Umehukumu jana mbele ya watu. Basi huyu hana mama. Baba yake naye yuko dukani ananunua tumbaku. Na mbiu yako yasema, asiye na mama wala baba ni mtoto wa Sultani. Hongera, Maulana, ni wa kiume."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akaruka mbele. "Wewe ndiwe babu yake! Babu hamtupi mjukuu!"

"Babu huwa ni babu kwa njia ya mama, Bwana Waziri, na mama mmemfuta. Mimi leo nimebaki mkuna nazi tu." Akatoka, akaenda kukaa nje kizingitini, karibu na nguzo ya Mize.

Na siku hiyo wanawake wote wa jumbani walikuwa wamekwenda harusini ng'ambo ya mto, hawarudi mpaka Ijumaa. Faki alilijua hilo, kwa kuwa nazi za harusi ile alizikuna yeye.

Ikawa patashika. Kadhi akamwimbia Kombo kasida, Kombo akaishinda kwa sauti. Mkuu wa askari akamchezea upanga alani, akapigwa teke la pua. Sultani akampakaza halua mdomoni, naye akaitema kwenye joho la dhahabu. Kasuku wa Sultani akajifunza kile kilio papo hapo, wakawa wanalia wawili. Waziri akaamriwa ambebe. Akambeba kwa mikono iliyonyooka mbali na kifua, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaanza kumsomea kanuni za ghala. Kufika kanuni ya tatu, maji ya moto yakamshukia toka kifuani hata viatuni.

Nje, Mize alikuwa ameuma pindo la kanga. Kila kilio kilimpita mwilini, na maziwa machache aliyokuwa nayo yakamlowesha nguo. "Baba, naingia," akasema. "Mimi siwezi." Faki akamshika mkono, naye machozi yakimtoka waziwazi. "Kidogo tu, mwanangu. Bado kidogo."

Ndipo ikasikika sauti ya Waziri Badawi, imepasuka, yenye kusikika hadi sokoni.

"Jamani! Mwiteni mama yake!"

Baraza likanyamaza. Hata kasuku akanyamaza. Mize hakungoja kuitwa mara ya pili, akapita katikati ya askari, akampokonya Waziri mtoto, akakaa kwenye zulia akaugeukia ukuta, akajifunika kanga, na kilio kikakatika.

Sultani akamgeukia Waziri taratibu. "Umesema aitwe nani?"

Waziri akaitazama kanzu yake, iliyokuwa inadondosha maji. "Mama yake, Maulana," akanong'ona. Kisha akajikaza. "Lakini ikiwa ni mama, basi si mtoto! Apewe mchele, chuoni asikanyage!"

Wakati huo huo kasuku, aliyechoshwa na ukimya, akalia tena kwa sauti ya Kombo. Mize akageuka, akaanza kucheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Baba, ona! Anamwiga!" Akamnyooshea yule ndege kidole. "Maulana, anakula nini huyu? Naweza kumshika?" Na macho yake yakatua kwenye sinia ya halua, yakakataa kuondoka.

Sultani akaisukuma sinia. Mize akala kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akalamba vidole vyote vitano, akafuta mkono kwenye kanga, na mtoto anaendelea kunyonya. Sultani Hemedi akaacha kutafuna. Aliziona nundu za mifupa ya mabega ya Mize, akalitazama tumbo lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu avae taji akaona haya mbele ya watu.

"Faki," akasema, "huyu ni mama au ni mtoto?"

"Ndiyo, Maulana," akajibu Faki.

Hapo Sultani akacheka, akacheka hata wakamshika asianguke kitini. Alipopata pumzi akaagiza ukuta wa ghala ubomolewe kati ya ile milango miwili, uwe mlango mmoja mpana, na kila binti mwenye mtoto mchanga apewe mchele na samli na kanga, na uji wake, na nafasi yake chuoni, na mwalimu atakayemzuia aje kulea kasuku. Pembe ikapulizwa jioni ile ile.

"Na wewe, Badawi," akasema, "umekuwa mjuzi wa kungojesha watoto. Basi kila asubuhi, mabinti wakiwa darasani, watoto wao watangoja pamoja nawe. Kwa miaka minne."

"Minne, Maulana!"

"Si mingi."

Kisha akamwambia Faki aombe atakalo. Faki akaomba kapu lake. Sultani akalijaza mwenyewe mchele mpaka likawa zito, na ikabidi askari wawili walifikishe nyumbani. Mashavu ya Mize yakarudi mahali pake kabla mwezi wa pili haujaandama.

Na wapitao karibu na chuo cha Shungi walikuwa wakimwona Waziri mzima ameketi barazani, wachanga sita mapajani na mabegani, kilemba cheupe amekichana kuwa nepi, na cha kijani kinakauka kambani, huku ndani Mize anasoma kwa sauti. Asubuhi moja Faki akapita na kapu lake, akasimama.

"Bwana Waziri, wafanya nini hapo?"

Waziri akamhamisha Kombo bega la kushoto, akalijibu swali kama lilivyoulizwa.

"Nangoja."

Na sisi tuliosimuliwa tumewaacha hapo hapo, yeye akingoja, Kombo akimlowesha.