Mafiga ya Mbodze

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe uliyetoka huko!

Pakawa njia. Pakawa na watu njiani, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Mnawasikia?

— Tunawasikia!

Basi wasogeleeni kidogo, wapate pa kupita.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Mbodze. Alikuwa na mume, Kalume. Mama mkwe, Bi Sidi. Na binti mchanga, Kache, ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa. Kwao mvua ilikosa kunyesha. Ikakosa tena. Ikakosa tena. Ng'ombe wakaisha. Kisima kikatoa matope, kisha matope yakawa vumbi. Majirani wakaondoka bila kuaga, kwa sababu anayeaga huulizwa anakwenda wapi, na hakuna aliyejua.

Siku ya kuondoka, Kalume alibeba mkeka, jembe na chungu. Bi Sidi akashika fimbo yake. Mbodze akamfunga mtoto mgongoni, akafunga kifuko cha mbegu za mtama kiunoni. Kisha akainama jikoni, akang'oa mafiga yote matatu, akayatia kwenye kikapu, akajitwika.

Kalume akamtazama. "Mama Kache, mawe?"

"Mawe."

"Huko tuendako hakuna mawe?"

"Yapo. Lakini hayajapikiwa."

Sasa ngojeni niwaambie jambo, msije mkaniuliza baadaye. Katika nchi hizo kila kijiji kilikuwa na lango, na kila lango lilikuwa na mlinzi. Sheria ilikuwa moja kote: mlinzi akimeza kitu kilichopikwa juu ya mafiga yako, wewe si mpita njia tena. Ni jirani. Hakuna wa kukufukuza, kwa maana mlinzi ndiye mdomo wa kijiji, na mdomo umekula kwako. Mmeielewa?

— Tumeielewa!

Walinzi nao waliielewa. Ndiyo maana walichaguliwa watu wa kufumba midomo.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakafika kijiji cha kwanza. Mbodze akatua kikapu nje ya lango, akapanga mafiga, akapika uji wa mtama kutoka kwenye kifuko.

"Karibu uji, kaka," akamwambia mlinzi.

"Nimeshiba, dada. Jua likigusa kilima kile, nisiwaone hapa."

Akayapoza mafiga, akajitwika. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Kijiji cha pili. Akapanga mafiga, akapika mtama.

"Karibu, kaka."

"Nimefunga."

"Umefunga, na mdomoni una muwa?"

Mlinzi akautema muwa. "Nimefunga kuanzia sasa. Jua likigusa kilima kile, nisiwaone."

Akajitwika. Na kifuko kiunoni kilikuwa kimelegea. Mtama uliobaki ulikuwa wa kujaza viganja tu.

Njiani Bi Sidi akaketi chini. Miguu ilikuwa imemvimba mpaka vifundo havionekani. "Mimi nimefika," akasema. "Nyinyi endeleeni. Mkipata pa kukaa, mtarudi kunichukua."

"Mama," Mbodze akasema, "mawe sijayaacha, nikuache wewe?"

Kalume akamtwika mkewe mkeka juu ya kikapu, akampa jembe na chungu mkononi. Akainama, akambeba mama yake mgongoni. Wakaenda polepole sasa. Polepole.

Wakafika kijiji cha tatu. Huko udongo ulikuwa umelimwa, na mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa milima. Mbodze akachukua konzi ya udongo, akaiminya. Ukashikamana. Akajua mvua haiko mbali. Akajua pia kwamba mbegu isipoingia ardhini mvua hii, hakuna mavuno, na mama mkwe hawezi kubebwa tena mpaka kijiji cha nne.

"Upike mtama," Kalume akanong'ona. "Labda huyu atakula."

"Wawili wamekataa mtama wangu. Huu haupikwi. Huu utapandwa."

"Utapika nini basi?"

Mbodze alikuwa anamtazama mlinzi.

Mlinzi huyo aliitwa Ngala. Nje ya lango palikuwa na kisima, na wanawake wawili walikuwa wakivutana ndoo. Hakuna aliyemwita Ngala, lakini alifika mbio. "Simameni! Nani alitangulia? Wewe, nyamaza. Wewe, sema. Haya, wewe uteke nusu, kisha yeye." Wanawake wakatazamana, wakacheka. Baadaye mbuzi wawili wakapigana pembe njiani. Ngala akawaendea nao. "Wewe mwenye ndevu, ndiye uliyeanza!"

Mbodze akageuka, akawanong'oneza mumewe na mama mkwe. Bi Sidi, aliyekuwa hoi, akakaa wima.

Mbodze akachuma mchicha pori kando ya njia. Akapanga mafiga, akawasha moto, akabandika chungu. Akafungua pindo la leso yake, akatoa chumvi, akatia chembe chache tu. Mboga zilipoiva akamkaribisha Ngala, kwa heshima zote.

"Sili cha wapita njia," Ngala akasema, akageuza uso. "Jua likigusa kilima kile..."

"Nisiwaone. Tunajua, kaka. Asante."

Akampakulia mumewe. Kalume akaonja, akatupa kijiko. "Mama Kache! Mboga gani hii? Haina chumvi!"

"Haina? Imekolea mpaka inawasha!"

Masikio ya Ngala yakasimama. Lakini akabaki langoni.

"Nimekwambia haina!"

"Ulimi wako umekufa kwa vumbi!"

Hapo Bi Sidi akaingia, na nawaambieni, huyo alitoka nje ya mpango. "Tangu mwanangu akuoe," akapaza sauti, "mimi sijaonja chumvi! Nimekonda si kwa njaa, nimekonda kwa mapishi yako!"

Mbodze akamgeukia. "Mama, hilo hatukuk..." Akajirudi. "Hilo hukuwahi kuniambia!"

"Nakuambia leo!"

Wanawake wa kisimani wakaacha ndoo zao, wakaja kutazama. Ngala akasogea hatua. Akarudi. Akasogea tena.

"Taratibu, taratibu," akasema. "Msemaji awe mmoja. Wewe bwana, unadai haina chumvi?"

"Haina."

"Na wewe dada, unadai inayo?"

"Inayo."

"Basi mmoja wenu anakosea."

"Hukumu hiyo hata Kache angeitoa," Bi Sidi akasema, na wanawake wakacheka. Mbodze akasimama, akajifuta mikono. "Tusimsumbue kaka. Jambo la chungu haliamuliwi kwa masikio. Pale kisimani hakuna mtu anayejua kuamua? Nimwite yule mama mwenye ndoo."

"Yule?" Ngala akafoka. "Yule kaamua nini tangu azaliwe? Lete hapa!"

Akanyakua mwiko. Akachota. Akapuliza. Akaonja, akalamba midomo, akafumba macho kama watu wafanyavyo wanapotoa hukumu.

"Chumvi imepungua," akatangaza. "Bwana ameshinda."

Akaurudisha mwiko.

Mbodze akaupokea mwiko, akauweka juu ya chungu. "Nimekubali hukumu," akasema. "Asante, jirani."

Ngala akafumbua macho. Akatazama chungu. Akatazama mafiga. Akajishika koo.

"Nimeonja tu. Sikula."

"Umemeza?" akauliza mama mwenye ndoo.

"Mate... nimemeza mate."

"Tumekiona kikoromeo kikipanda na kushuka," wanawake wakasema. "Kilipanda, kikashuka. Kijiji kimekula, Ngala."

Jua likagusa kilima. Likashuka nyuma yake. Mafiga hayakuondoka.

Kesho yake Mbodze alifungua kifuko. Wakapanda mtama uliobaki, punje kwa punje. Mvua ikanyesha. Bi Sidi akapona miguu, na mboga akawa anakula, akisema kila siku kwamba mapishi ni yaleyale. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Kache akatambaa, akasimama, akawa anakimbia.

Katika kijiji hicho ulinzi wa lango ulikuwa wa zamu. Ngala alipochoka, zamu ikafika nyumba ya Mbodze, na mjumbe akampa onyo ambalo kila mlinzi hupewa: fumba mdomo.

Mchana mmoja wakaja watu. Mume, mke na watoto, na kikapu cha mawe. Walikuwa wamesikia habari huko njiani, maana habari za namna hiyo husafiri. Wakapika majani nje ya lango. Kisha wakaanza kugombana, vibaya sana, kwa zamu, kama watoto wanaokariri.

"Haina... chumvi," akasema mume.

"Inayo," akasema mke, sauti ikitetemeka. "Inayo sana."

Mbodze akawatazama. Akaitazama miguu ya mke, iliyovimba. Akaweka fimbo ya ulinzi chini, akaenda, akachukua mwiko, akaonja. Chumvi ilikuwa tele. Yule mama, kwa hofu, alikuwa ametia yote aliyokuwa nayo.

Mbodze akameza, watu wote wakiona.

"Imepungua kidogo," akasema. "Ngojeni, nikawaletee ya kwangu."

Na mimi chungu changu nakiepua hapa. Hadithi imeiva?

— Imeiva!

Mmemeza?

— Tumemeza!

Basi tumekuwa majirani. Chumvi ikiwa imepungua, ongezeni ya kwenu.