Amri ya Nyati kwa Kila Chenye Miguu Sita

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo nyati walilima mahindi na viboko walipanda maboga, kulikuwa na kipepeo mmoja mweupe aliyeitwa Somoe. Aliishi pembezoni mwa shamba la mahindi, kwenye magugu ya mgagani, na hakuwa na ugomvi na yeyote. Alitaga mayai chini ya majani, mayai yakatoa viwavi, viwavi wakala mgagani, wakanenepa, wakaota mabawa. Hivyo ndivyo alivyokua yeye, na hivyo ndivyo alivyokua mama yake.

Mwenye shamba alikuwa Bwana Nandonde, nyati mwenye pembe pana kama mlango wa ghala. Naye alikuwa na shida yake, tusimwonee. Kila msimu funza walitoboa mabua ya mahindi yake, mahindi yakaanguka kabla ya kukomaa. Ndiyo maana siku Korongo alipotua shambani na mfuko wa mbegu mpya, Nandonde alimtandikia mkeka.

"Mbegu hii imebadilishwa humo humo ndani," Korongo alieleza, akisimama kwa mguu mmoja kama wasimamavyo wataalamu. "Muhindi wenyewe una sumu ya funza. Akiuma tu, chali."

"Na mimi nikila?"

"Wewe utashiba."

Na kweli, funza waliuma, wakalala chali. Mahindi yakasimama wima, yakanona. Nandonde akawa anapita katikati ya mistari akipumua kwa raha, fuu, fuu, kama aliyeyaumba yeye.

Kisha mahindi yakachanua mbelewele. Upepo ukavuma, vumbi la njano likaruka, likatua kimya juu ya majani ya mgagani.

Wakati huo Somoe alikuwa na viwavi sitini. Siku ya kwanza walikula wakalalamika kwamba chakula kina ladha ya ajabu. Siku ya pili walikula kidogo. Siku ya nne Somoe alipita jani kwa jani akiwahesabu, na alipomaliza akarudia kuhesabu, maana hakuamini. Walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na hao kumi na mmoja hawakuwa na nguvu ya kuinua vichwa.

Akawahamisha mmoja mmoja hadi kwenye mgagani wa ng'ambo ya kijito, ambako vumbi halikufika. Jinsi kipepeo anavyoweza kumbeba kiwavi, msiniulize. Mama ni mama. Kisha akaruka moja kwa moja hadi uani kwa Nandonde.

Alimkuta Nandonde amejilaza, Korongo pembeni yake, na jirani yao, Bi Sikudhani Kiboko, ameleta boga la kuchemsha. Bi Sikudhani alikuwa na bustani ya maboga mlango wa pili, na hakupenda kitu duniani kuliko boga.

"Shikamoo, Bwana Nandonde," Somoe alisema. "Wanangu wanakufa. Vumbi la mahindi yako linatua kwenye chakula chao."

Nandonde akamtazama Korongo. Korongo akasafisha koo.

"Bi Somoe, pole kwa msiba. Lakini mahindi haya yanamuua funza peke yake. Wanao walikula mahindi?"

"Walikula mgagani."

"Basi hawakufa kwa mahindi."

"Na lile vumbi la njano juu ya mgagani?"

"Hiyo ni chavua."

"Chavua ya nini?"

"Ya mahindi."

"Basi si ndiyo hiyo?"

"Hapana, hakuna uhusiano," Korongo alisema kwa upole mkubwa.

"Nani amechunguza?"

"Nimechunguza mwenyewe. Nilijiuliza maswali magumu sana, na nikajijibu yote."

Bi Sikudhani aliacha kutafuna kidogo, kama anayetaka kusema neno, kisha akaendelea kutafuna.

Nandonde akainuka. Alikuwa amechoka na mazungumzo. "Sikiliza, bibi. Mimi nalima kulisha walio hai. Funza, kiwavi, nyuki, dundu, kwangu wote ni wadudu tu. Shamba lisilo na mdudu ni shamba safi. Mkiondoka wote, nitalala usingizi mzuri."

Somoe alifungua mabawa. Aliruka hadi ng'ambo ya kijito, akawakuta viwavi wamebaki tisa. Akakaa nao hadi jua lilipoelekea kuzama, na maneno ya Nandonde yakawa yanamzunguka kichwani. Mkiondoka wote. Mara ya kwanza yalimuuma. Mara ya tano akaanza kuyatazama vizuri, kama mtu anayetazama kamba aliyotupiwa.

Kesho yake asubuhi alirudi uani, mabawa yamekunjwa kwa adabu.

"Bwana, nimekuja kuomba radhi. Jana ulisema neno kubwa nami nikalichukua kwa hasira. Shamba lisilo na mdudu ni shamba safi. Neno kama hilo halifai kupotea hewani. Liandikwe, watu waje walisome."

Nandonde akatikisa masikio. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anasema maneno ya kuandikwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria jambo hilo mara nyingi.

"Liandikwe vipi?"

"Iwe amri. Kila chenye miguu sita kisiguse kitu chochote katika shamba la Bwana Nandonde wala la jirani yake, kiwe kikubwa au kidogo, kinachoota, kinachochanua au kilichoanguka chini. Nasi wadudu tutatii. Hakuna atakayesema tena kwamba tunakusumbua."

"Na wewe mwenyewe utaondoka?"

"Nitakuwa wa kwanza."

Korongo aliona hakuna ubaya. Aliichonga amri kwa mdomo wake juu ya gome la mti, kwa mwandiko mzuri. Nandonde akapiga muhuri wa kwato, pu. Bi Sikudhani akaweka unyayo wake kama shahidi, gome likapasuka kidogo. Somoe akashukuru, akaichukua amri, akaipeleka kwa wadudu wote.

Walikasirika mno. Nyuki walikuwa katikati ya kazi kwenye maua ya maboga. Mzee Nkamba, dundu anayeviringisha mavi ya nyati, alikuwa na donge zuri ambalo alikuwa hajalifikisha nyumbani.

"Nani aliyetunga upuuzi huu?" Mzee Nkamba aliuliza.

"Ni mimi," Somoe alisema.

Ikabidi aeleze. Alieleza kuhusu viwavi wake, jani kwa jani, mpaka nyuki wakaacha kuvuma. Mzee Nkamba akalitazama donge lake kwa muda. Kisha akalisukuma kando.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Mpaka waone."

Basi wakavuka kijito wote, wenye mabawa na wasio na mabawa. Shamba likawa kimya. Nandonde akalala usingizi mzuri kama alivyoahidi, siku mbili nzima.

Siku ya tatu aliamka, akapiga hatua, akateleza. Uani kulikuwa na mavi yake ya juzi. Na ya jana. Na ya leo.

"Kwani huwa yanakwenda wapi?" aliuliza, maana maishani mwake hakuwahi kujiuliza.

"Hiyo ni mbolea," Korongo alimtuliza. "Ni neema."

Siku ya sita neema ilikuwa imefika mlangoni. Nandonde alikuwa anapita kwa ncha za kwato, chap, chap, pua juu. Bi Sikudhani hakuja tena kupiga soga, na hakuficha sababu.

Lakini yeye naye alikuwa na lake. Maboga yake yalichanua maua makubwa ya manjano, madume na majike. Yakafunguka asubuhi, yakasubiri, yakanyauka jioni. Vitumba vidogo vya maboga chini ya maua vikageuka rangi, vikadondoka, to, to, to.

"Maua yanapumzika," Korongo alisema.

"Yamepumzika siku tisa," Bi Sikudhani alisema. "Mimi nitakula nini?"

Korongo hata nguvu za kutafuta jibu hakuwa nazo. Yeye mlo wake ulikuwa panzi na vyura. Panzi wana miguu sita, walikuwa wametii amri. Vyura waliwafuata panzi. Mtaalamu alikuwa amekonda hadi magoti yake yalikuwa kitu kinene kuliko vyote mwilini mwake.

Siku ya kumi na mbili alikuja kwa Nandonde akiyumba. "Nimefanya uchunguzi mpya," alisema. "Imeonekana kwamba uhusiano upo."

Wakampitia Bi Sikudhani, wakaenda wote watatu ng'ambo ya kijito. Nandonde alipiga magoti kwenye tope ili macho yake yafikie jani alilokaa Somoe.

"Bi Somoe, warudi."

"Ningependa, Bwana. Lakini sheria ni sheria, na muhuri ni wako."

"Naifuta."

"Ukiifuta tutarudi kwenye vumbi lile lile. Ng'oa mistari kumi ya upande wa mgagani. Panda hapo mbegu zako za zamani, na magugu yaliyo pembeni uyaache. Hayo mengine ya katikati ni yako."

"Mistari kumi? Na funza watakula hiyo mbegu ya zamani."

"Watakula."

Nandonde akaanza kuwaza. Nyati akiwaza huchukua muda, na Bi Sikudhani hakuwa na muda. Aligeuka, akavuka kijito, chubwi, akaingia shambani na kuanza mstari wa kwanza kwa meno. Kwacha, kwacha, kwacha. Nandonde alipofikia uamuzi wa kukubali, kiboko alikuwa kwenye mstari wa nane.

Wadudu wakarudi siku ile ile. Nyuki waliingia kwenye maua bila kusalimia. Mzee Nkamba alisimama mbele ya ua wa Nandonde akitazama kazi iliyokuwa ikimngoja, akaita ukoo wake wote, na wote hawakutosha.

Korongo, baada ya kushiba, aliondoka kwenda mabonde mengine kufundisha jinsi alivyogundua faida ya kuacha mistari kumi. Alisikilizwa sana. Somoe aliambiwa habari hiyo na nyuki, naye akasema afadhali wasikilize, hata kama wanamsikiliza yeye.

Kati ya wale viwavi tisa, waliopata mabawa walikuwa wanne.

Msimu uliofuata Nandonde alimkuta Somoe kwenye mgagani, akikagua majani. Alikagua juu na chini, akaligusa kila jani kwa mguu, akatazama kama mguu umetoka na unjano. Alipata jani moja alilolikubali. Akataga yai moja, akangoja. Kisha akataga la pili.

Nandonde alitaka kumsalimia, lakini pumzi ya nyati ni upepo. Akaibana, akageuza pua upande wa pili, akapita taratibu mpaka alipofika mbali, ndipo akapumua.

Nanyi wanangu, mdogo akija kwenu kulalamika, msingoje aondoke ndipo mjue alikuwa akiwafanyia kazi gani.