Uwanda wa Barafu Usio na Jina

Hapo zamani za kesho, zamani ambazo bado hazijafika, watu waliishi kwenye sayari kibete, mbali sana, ambako jua ni dogo kama punje ya mtama. Huko palikuwa na uwanda mweupe wa hewa iliyoganda ikawa barafu. Barafu hiyo haikupenda joto. Ukipita mbio, inakubeba. Ukisimama na moto, inageuka moshi, nawe unazama.

Uwanda huo haukuwa na jina. Desturi yao ilikuwa hivi: mahali hapapewi jina mpaka mtu aokolewe hapo. Aliyeokolewa ndiye anayetaja jina la mwokozi wake, jina moja tu, nalo hubaki milele.

Siku moja Mbodze alikuwa akirudi peke yake na gari, amebeba mabonge ya barafu ya maji kutoka milimani. Hamu ya chai ikamshika. "Kikombe kimoja tu," akajisemea. Akasimama, akawasha jiko.

Maji hayajachemka, magurudumu yamezama. Chai haijamiminwa, moshi umefika madirishani. Akajaribu kuondoka, gari likazidi kwenda chini. Barafu ikijifunga juu ya paa, hataonekana tena!

Kituoni walikoishi wote, Karisa, mlinzi wa darubini, akaona uzi wa moshi.

"Karisa, futa kioo!" wenzake wakamcheka.

Akafuta, akatazama tena. "Moshi upo. Mbodze anazama!"

Bi Nyevu, mpishi, akadaka redio. Yeye aliwahi kuweka sufuria ya moto nje ikatokomea barafuni, akataniwa mwaka mzima.

"Mbodze mwanangu, zima jiko! Zima na joto la gari!"

"Mama, nitaganda!"

"Ganda kidogo, usizame kabisa!"

Mbodze akazima. Meno yakagongana, vidole vikafa ganzi. Lakini moshi ukakoma na gari likatulia, limebaki paa tu.

Gari la pili, likisimama kuvuta, lingezama vilevile. Basi Katana, fundi wa magari, akaenda kwa miguu na kamba, amezima joto la viatu vyake. Hatua elfu juu ya baridi ile! Akafunga kamba, akavuta. Huko vitu ni vyepesi, na mtu mmoja huweza kuvuta gari. Akavuta, akavuta, gari likachomoka, na Mbodze akatoka mzima!

Kituo kizima kilipasuka kwa vigelegele. Wakamrusha Mbodze hadi darini, wakamdaka, wakamrusha tena.

"Taja jina! Taja jina!"

Karisa akasema, "Bila jicho langu, nani angejua unazama? Nilichekwa, sikuacha kutazama."

"Ungeutazama moshi mpaka uishe!" Bi Nyevu akadakia. "Bila neno langu, Katana angekuta barafu tupu."

Katana alikuwa amekaa, mguu umefungwa bendeji. Akatabasamu. "Neno halivuti gari, mama. Na vidole vyangu viwili vya mguu vimekufa kule kwa baridi. Hao tayari ni wenyeji wa uwanda."

Watu wakaangua kicheko. Mbodze naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Niwataje wote watatu!"

"Jina moja!" wakamjibu.

Akamtazama Karisa, akamtazama Bi Nyevu, akamtazama Katana. Pumzi aliyovuta ilikuwa zawadi ya kila mmoja wao. Kisha Mbodze akafungua kinywa.

Haya wanangu, nyinyi ndio Mbodze sasa. Uwanda ule mtauita kwa jina la nani? Je, nani alistahili?