Nikisimama Itazima

Wapendwa, kabla sijafungua Neno, wacha niwape mfano. Na please, msianze kuangaliana.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa huko juu Kinangop, kule ambako baridi ya Julai huamka imeshaunguza majani ya viazi. Alikuwa na pick-up. Mchana ilikuwa gari, asubuhi ilikuwa chuma tu. Stata ilikuwa imechoka, ikipigwa na baridi, akigeuza ufunguo inasema “ka!” halafu kimya. Fundi akamwambia aibadilishe. Mzee akacheka: “Ya nini, na vijana wako hapo nje wamekaa bure?”

So kila asubuhi anapiga honi. Vijana wanatoka kwenye ukuta wa duka wanapoota jua, wanamsukuma hadi kwenye mteremko. Wengine wana degree. Mzee anatoa kichwa dirishani: “Engineer, leo tumia ile physics yako! Ama ulisomea ya joto tu?” Wanacheka. Watafanya nini? Injini ikishika, mzee anakanyaga mafuta, anainua mkono, huyo! Ukimwomba lift, jibu ni moja: “Nikisimama itazima.”

Sasa asubuhi moja yule Engineer akaja mbio, hana hata sweta.

“Mzee, mke wangu ameshikwa na uchungu, na mtoto anakuja vibaya. Boda boda hawezi kukaa. Nakuomba.”

“Yuko wapi?”

“Pale chini barabarani, na mamangu. Tukusukume, ukifika umchukue, umpeleke dispensari.”

“Hiyo si ya kuuliza, kijana wangu. Sukumeni! Leo ni kazi ya Bwana!”

Walisukuma vile hawajawahi kusukuma, miguu ikiteleza kwenye nyasi zenye barafu. Injini ikakohoa, ikashika. Pale chini yule mama, amefungwa blanketi, amemwegemea mama mkwe wake, akaliona gari. Akajikaza asimame wima.

Mnajua mzee alifanya nini? Aliwaza: hapa ni tambarare, ikizima hapa tumekwisha sote. Wacha nipashe injini moto hadi lami, nitageuza nirudi. Ni mawazo mabaya hayo? Ni common sense kabisa! Mguu ukakanyaga mafuta. Na mkono, jameni, ule mkono, kwa mazoea, ukatoka dirishani ukampungia.

Aliporudi hakukuta mtu. Akashika njia ya dispensari, akawakuta vijana karibu na geti, wameshika pembe za blanketi, mama yuko ndani, wanakimbia.

“Pandeni! Imeshika vizuri sasa!”

Engineer hakugeuza hata shingo. “Tupishe, mzee. Tukisimama tutapoa.”

Akawafuata nyuma polepole, gari tupu, injini ikinguruma tamu kweli, watu wametoka majumbani wanatazama. Humo ndani mtoto alizaliwa, akalia. Mshukuruni Mungu, si mzee.

Kesho yake, baridi ileile. Mzee akakaa kwenye usukani. Honi hakuthubutu. Hakutaka kuonekana hata na kuku. Mara gari likatikisika. Akatazama kioo: mikono imejaa nyuma, na ya Engineer imo. Akatoa kichwa dirishani.

“Kijana wangu… hata leo mnanisukuma?”

“Mama na mtoto wanaruhusiwa kutoka leo, na kutembea hawezi. Weka gia ya pili, mzee.”

Gari likaanza kuteremka. Mfano wangu unaishia hapo hapo, bado linateremka, kwa sababu mwisho wake sina mimi.

Stata kushindwa na baridi si dhambi. Ni ule mkono ndio unanichoma. Sisi tuliosomeshwa kwa harambee za kanisa hili, sisi tuliopewa viti kwa kura za watu walioamka kwenye umande, nani alitusukuma? Na mliotangulia, mkapata kazi huko Nairobi, tuliwaona mkipunga. Mizuri sana ilikuwa, ile mikono. Nasi tunaotembea na vyeti kwenye bahasha, tukiwasema ukutani pale, injini zetu zikishika kesho tutafanya nini tofauti?

Tuko kwenye mteremko, wapendwa. Pale chini kuna mtu wa blanketi, ametuona, anajikaza asimame.

Tuinamishe vichwa. Na kila mtu aulize mguu wake.