Magoti ya Daktari Adela

Kitu kilicho chini ya kitanda hakimfuati mtu aliyesimama wima. Anayekitaka hana budi kupinda mgongo, hata kama nguo zake ni safi na watu wanamtazama. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Adela binti Adolfu, mzaliwa wa Pito katika nyanda za Ufipa, aliijua methali hiyo kwa mgongo wake mwenyewe.

Mwaka 1968 Adela alikuwa mganga msaidizi katika kituo kidogo cha afya karibu na Namanyere. Hata wazee wenye mvi kichwa kizima walimwita Mama Mganga, ingawa hakuwa na mume wala mtoto. Masika ya mwaka huo aliletewa Josefina, msichana wa miaka kumi na minne, amebebwa kwa machela kutoka shamba la ulezi. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Adela alimsikiliza kifuani, akatambua kwamba mlango mmoja wa moyo ulikuwa umebana kwa makovu ya homa ya utotoni. Alimpa dawa ya kupunguza maji mwilini, akamwegemeza kwenye mablanketi, akakaa naye siku tatu.

"Mama Mganga," Josefina aliuliza kwa sauti iliyokatikakatika, "huo mlango haufunguki?"

"Wako wanaojua kuufungua," Adela alijibu. "Mimi sijui."

Siku ya nne asubuhi Josefina alifariki dunia. Maneno yale mawili, mimi sijui, yakamkwama Adela kooni kama mwiba wa samaki.

Aliomba kwenda kusomea udaktari. Akajibiwa kwamba fizikia yake haitoshi. Basi aliomba uhamisho hadi mjini Sumbawanga, akaruhusiwa kusoma asubuhi katika shule moja ya sekondari na kufanya kazi wodini alasiri. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Aliketi dawati moja na vijana waliomwamkia shikamoo huku wakiziba vinywa kuficha kicheko, akafundishwa na Mwalimu Saad, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano.

"Dada, unatuaibisha," alisema Wilibrodi, mdogo wake. "Mtu mzima unanyoosha mkono kama mtoto ukiomba ruhusa ya kwenda msalani!"

"Nitaunyoosha, Wili. Ninachokitafuta kiko humo darasani."

Mtihani wa kwanza alianguka, tena vibaya. Alilia siku moja, siku ya pili akarudi dawatini. Mwaka uliofuata alifaulu, akaenda Dar es Salaam kusoma. Akawa daktari, kisha bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwaka 1981 serikali ikampeleka ng'ambo kusomea magonjwa ya moyo.

Huko alikuta elimu iliyomshangaza. Daktari alipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja, akausukuma taratibu hadi ndani ya moyo, macho yake yakiufuata kwenye kioo cha eksirei. Hata hivyo, miezi saba ya mwanzo Adela hakuruhusiwa kuugusa mrija ule. Kazi yake ilikuwa kumwinamia mgonjwa baada ya mrija kutolewa na kulikandamiza paja kwa vidole, dakika ishirini bila kuachia, ili damu isivuje. Mwenzake mmoja, bingwa kama yeye, alivua glovu akazitupa. "Sikuja huku kuwa mkandamiza mapaja!" alifoka, akafungasha virago. Adela alibaki, mgongo ukimuuma. Vidole vyake vikajifunza kuyasoma mapigo ya damu kama mtu asomavyo barua. Mwezi wa nane mwalimu wake alimkabidhi mrija bila kusema neno. Miaka miwili baadaye alirejea nyumbani na cheti chake.

Mwaka 1984 alikuja likizo Sumbawanga. Hakumaliza hata juma moja kabla ya kuitwa na Daktari Huseni, kijana aliyesimamia hospitali ndogo pembezoni mwa mji. Kitandani aliketi Hilaria, mama wa watoto watatu, ameinamia mbele, midomo imekuwa ya kijivu, mishipa ya shingo imetuna. Adela alimshika kifundo cha mkono. Kila Hilaria alipovuta pumzi, mapigo yalipotea. Kifua kikuu kilikuwa kimejaza maji katika utando unaofunika moyo.

"Petroli ya kumfikisha hospitali kubwa ya Mbeya hatuna," alisema Huseni.

"Hata ingekuwapo, asingefika. Lete sindano ndefu."

Bi Bertilla, mama mkwe wa Hilaria, aliposikia habari ya sindano alisimama mlangoni kama kisiki. "Hapana. Moyo ukitobolewa, roho itakaa wapi?" Beda, mume wa mgonjwa, alimtazama mama yake, akainamisha kichwa.

Huseni alinong'ona, "Daktari, wewe ndiwe bingwa. Waamuru tu."

Adela hakuamuru. Akiwa ndani ya koti lake jeupe, mbele ya wauguzi wote, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akapiga makofi ya taratibu kama binti anayemwamkia mkubwa, akaanza kusema kwa Kifipa.

"Mama, siutoboi moyo. Maji yameuzunguka yakaubana, nataka kuyatoa. Lakini sitakudanganya. Sindano ikikosea njia, anaweza kufa. Tukikaa tukitazamana hivi, hafiki jioni."

"Umewahi kuikosea?"

"Mara moja, nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wangu aliniwahi, mgonjwa akapona."

Bi Bertilla alisogea kando ya mlango. "Inuka, mwanangu," alisema. "Hukunificha. Mtoe hayo maji."

Adela aliingiza sindano chini ya chembe cha moyo, akaielekeza bega la kushoto, akaisogeza taratibu. Jasho lilimchuruzika. Kisha maji ya rangi ya majani makavu yakaanza kupanda ndani ya bomba. Bomba la kwanza, la pili, la tano.

"Mapigo yanarudi," alisema Huseni, ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa. "Yanarudi, Daktari!"

Hilaria alifumbua macho. "Nina kiu," alisema. Bi Bertilla akajifunika uso kwa kanga.

Siku mbili Adela hakuondoka kando ya kitanda kile, na dawa za kifua kikuu zikaanzwa. Siku ya tatu, Huseni alimuuliza kwa nini bingwa mzima alikubali kupiga magoti sakafuni.

"Mama yule asingenikubalia nikiwa nimesimama," Adela alijibu, "na Hilaria angekufa."

Juma la tatu Hilaria alitoka wodini kwa miguu yake, akaelekea nyumbani kwa watoto wake. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.