Jina Alilolimeza Masinjisa

Sogeeni, wajukuu zangu, kisa kinaingia. Asiyekitaka awaachie wenzake nafasi.

Kale, kale ile ambayo ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, aliishi Ugogo bwana mmoja, Masinjisa. Zizi lake lilijaa, na kifua chake kilijaa zaidi. Alitaka kila kinywa kimwite Mfugaji. Apitapo njiani: "Shikamoo, Mfugaji." Aketipo pombeni: "Pokea kibuyu, Mfugaji." Naye zizini haingii, wanangu, haingii! Samadi ingemchafulia nyayo.

Nchini mle neno hilo halikuwa pambo. Mfugaji ni yule ambaye mkono wake umewahi kumzalisha ng'ombe. Na ng'ombe wa mfugaji akishikwa na uchungu, haguswi na mwingine mpaka mwenyewe alivue jina lile mbele ya watu.

Asubuhi moja, wachungaji wake, waliozoea kumzalishia ng'ombe kwa siri, wakiwa mbali malishoni, Nyange, ng'ombe wake bora, akashindwa kuzaa. Mguu mmoja wa ndama umetangulia, wa pili umejikunja ndani. Watu wakajaa zizini. Masinjisa akautazama mkono wake uliopakwa mafuta mazuri. Alijua kwamba hajui.

"Ingiza mkono, Mfugaji," akasema jirani yake, Chidumizi. "Au tamka kuwa wewe si mfugaji, niingize wangu."

"Nyange anasubiri amri yangu."

"Amri gani, bwana? Umwambie azae kwa adabu?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe, Mbeleje, hakucheka.

"Mume wangu, wanao wanaishi kwa maziwa ya huyu. Litupe hilo jina!"

Masinjisa akafungua kinywa. Neno likamfika ulimini. Akayaona macho ya watu, akazifikiria salamu za kesho njiani, akalimeza.

Nyange akalala ubavu. Akahema, akahema, asiheme tena.

Basi akachunwa, moto ukakokwa. Mbeleje, damu ya ng'ombe imemfika viwikoni, akachukua mnofu wa kwanza, akapiga goti mbele ya mumewe, watu wote wakitazama.

"Karibu nyama, Mfugaji."

Naye, wajukuu zangu, akaupokea. Akala!

Msilitamani jina ambalo mikono yenu inaikimbia kazi yake. Mtaitwa hivyo hivyo, na kila aitaye atakuwa anawatemea mate.

Kisa nimekifunga zizini. Atakayekifungulia, akichunge mwenyewe.