Maji ya Eliamani na Kapu la Bibi Nakunda

Mtu mmoja huko milimani alikuwa na shamba la tangawizi, nalo lilikuwa chini ya ndiva, lile bwawa la kijiji. Jina lake Eliamani. Ndiva ilichimbwa na kijiji kizima kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila nyumba na jembe lake. Zamu ya Eliamani ikifika, maji yalifunguliwa, yakateremka hadi kwenye matuta yake, bure kabisa. Tangawizi ikanenepa, akajenga nyumba nzuri, akawa anasema, "Hili ni jasho langu."

Kijiji hichohicho kilikuwa na shamba la pamoja. Mahindi yake walipewa wasiojiweza, na mwaka ule alipewa bibi Nakunda, mjane aliyelea wajukuu walioachwa na binti yake. Hilo Eliamani hakulipenda hata kidogo. Kila akimwona bibi na kapu lake aliguna, "Vya bure vinalemaza watu."

Siku ya mkutano akasimama, akataka shamba lile wagawiwe wanaolima kweli. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, hata waliokula mahindi yale mwaka wa ukame walipiga makofi! Bibi Nakunda alijua kwamba wazo hilo likipita, wajukuu wake watalala njaa. Akainuka.

"Mwanangu Eliamani," akasema, "mume wangu alichimba ndiva ile wewe hujazaliwa. Ukipewa wewe maji yake, ni haki yako. Nikipewa mimi mahindi, ni sadaka. Kwa nini?"

Aibu ilimshika Eliamani, aibu ya kweli. Akaketi, na hakuna mwingine aliyelitaja jambo lile.

Zamu yake ilipofika, watu walimkuta ameshika jembe, anaziba mfereji wake kwa udongo ili maji yaanze kupita kwenye shamba la pamoja. Wengine wakamcheka, wakasema tangawizi imempanda kichwani. Lakini wiki iliyofuata walikuja na majembe yao, wakafanya kama yeye. Mahindi yalijaa mwaka ule, na bibi Nakunda akapita na kapu lake katikati ya njia, anasalimia watu kwa sauti.

Nawe unayenisikiliza, maji yakiteremka kwako unayaita haki. Mbona kapu la jirani unalipa jina jingine?